Chumvi Kabla ya Kuonja

Machi 11, Jumatatu

Leo nimemwaga chumvi yote ya nyumba hii kwenye sinki, na mume wangu amesimama mlangoni ananitazama kana kwamba namchomea nguo.

Daktari wa figo hakuzunguka. Figo za mzee zimechoka, amesema, zilizobaki zinafanya kazi kidogo. Tukizitunza zitatubeba miaka. Tukizichezea, mvua za mwaka huu hazitaisha kabla hajalazwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na mashine ile ukishaingia ndiyo umeingia. Chumvi, marufuku. Mtaalamu wa lishe, binti mmoja mwenye miwani mikubwa kuliko uso, akanipa mlango wa kutokea: siki.

"Siki haitibu figo, mama, asikudanganye mtu," akasema. "Kazi yake ni kuuchangamsha ulimi. Ulimi ukichangamka unasahau kudai chumvi."

Nikacheka peke yangu. Binti wa watu hamjui mwenye ulimi.

Mume wangu alikuwa mpishi mkuu wa hoteli kubwa, na ingawa amestaafu, mtaa mzima bado unamwita Mpishi Mkuu. Mimi nashona mapazia. Tumeoana miaka thelathini na mmoja, na miaka yote hiyo kila sahani niliyomwekea ameitia chumvi kabla ya kuionja. Si baada. Anakaa, ananyoosha mkono, anatikisa kichupa, ndipo anachukua kijiko. Akishiba husema "Haya." Neno "tamu" nimelisikia akiliambia chakula cha dada yake, cha jirani, cha msibani hata. Changu bado.

Machi 12

Kabichi kwa siki. Kala vijiko viwili. Kasema nyumba inanuka dawa ya kuoshea vioo.

Machi 13

Samaki kwa siki. Kampa paka wa jirani. Paka kanusa, kaondoka. Mume wangu akaniita kutoka jikoni nije nimwone paka anavyoondoka.

Machi 16

Mvua imeanza, na bati la ukumbi wa nyuma linavuja palepale pa mwaka jana.

Siku anastaafu, wenzake wa hotelini walimpa kichupa cha chumvi cha kioo, chenye kifuniko kinachong'aa. Nilikimwaga Jumatatu pamoja na vingine vyote, nikakiosha. Leo nimekikuta mezani, kitupu. Nikaweka sahani. Akakitikisa juu ya wali mara tatu, kwa utulivu kabisa, ndipo akala.

"Hakina kitu hicho," nikamwambia.

"Na chakula chako hakina kitu. Wanafaana."

Nilitaka kucheka, nikajikuta nina hasira mpaka masikio yamepata moto.

Machi 18

Mvua. Kuku. Hakumaliza.

Machi 20

Leo Mpishi Mkuu kaingia jikoni kwangu. Hajawahi. Alikuwa akisema mng'oa meno hang'oi jino nyumbani kwake. Kavuta kigoda, kakaa katikati ya njia kama mwenye soko.

"Siki unaitia lini?"

"Mwanzo. Na kitunguu."

"Ndiyo maana. Unaichemsha mpaka inakufa, unabaki na uchachu wa bure. Siki haiji kabla meza haijaandaliwa. Zima moto, ndipo uitie."

Nikazima moto, nikatia. Akaniambia nyingi. Nikamwaga kidogo. Akaniambia mkono wangu mzito kama wa mzibua vyoo. Akanionyesha kitunguu kinavyokatwa chembamba na kulazwa kwenye siki na chembe ya sukari mpaka kiwe cha waridi. Akanionyesha kuku anavyolazwa na siki, kitunguu saumu na tangawizi tangu asubuhi, afunikwe, asiguswe. Karoti nilichemsha kwa maji mengi na kuyamwaga, kama alivyoagiza yule binti wa miwani, na hapo tu ndipo Mpishi Mkuu aliponyamaza, kwa kuwa hilo hakulijua. Kila alichonifundisha alikifunga na tusi lake dogo. Miaka thelathini na mmoja alikuwa na haya yote kichwani, na mimi napika upande wa pili wa ukuta.

Nitaandika na hili, maana hakuna atakayesoma: nilifurahi. Nilisimama na kisu changu kama mwanafunzi nikafurahi.

Machi 24

Kala chote. "Haya."

Machi 27

Kala chote, kaongeza kitunguu. "Haya." Kichupa kitupu alikitikisa kama kawaida.

Aprili 3

Mvua siku ya nne. Mapazia ya mteja hayakauki, yananuka ukungu. Mzee anapanda ngazi za mlangoni bila kupumzika. Miguu haijavimba, viatu vyake vya kamba vinafungika tena.

Aprili 8, Jumatatu

Vipimo. Figo hazijarudi nyuma hata kidogo, presha imeshuka, miguu imenywea. Daktari alizisoma karatasi, akazisoma tena, kisha akanigeukia mimi, si yeye.

"Mama, chochote unachofanya huko jikoni, usiache. Mrudi mwisho wa Mei."

Kwenye teksi nilikaa nimejiweka tayari. Sikutaka mengi. Hata "umejitahidi" ningeipokea. Tulipofika kwenye mzunguko akafungua kinywa, akamwambia dereva mpira wa kufutia kioo umekwisha, abadilishe.

Aprili 10

Wifi yangu kaja, dada mkubwa wa mume wangu. Ni mjane, mwema, mwenye maneno mengi, na haingii nyumba ya mtu mikono mitupu. Leo kaja na chupa ya mdomo mpana imejaa achari ya matango na karoti.

"Wifi, nimesikia mgonjwa karuhusiwa siki," akasema, hata mwavuli hajaufunga. "Nikasema, mimi mtu wa achari nitakaaje kimya?"

Mpishi Mkuu akafungua kifuniko, akanusa muda mrefu kuliko kawaida yake. Akala kipande, akafumba macho.

"Dada, hii tamu."

Wifi akafurahi mpaka akanikumbatia mimi.

Aprili 14, Jumapili

Wamekuja wenzake wa zamani wa hotelini, watu watatu, kumjulia hali. Nilipika kuku wa siki, karoti na wali. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe wakati mwokaji keki, yule mnene, aliposema, "Mzee, umenawiri. Nani anakulisha?"

Nikasimama hapohapo. Sikuwa najificha. Nilitaka kulisikia.

"Dada yangu," akasema mume wangu. "Kaniletea achari, damu yenyewe imetii. Huyu wangu alikuwa ananikausha kwa siki kama ngozi inayowambwa. Mwacheni ashone mapazia."

Wakacheka. Mwokaji keki alicheka mpaka akakohoa, nikampa maji.

Vipimo vilikuwa Jumatatu. Achari imeingia humu Jumatano. Sikusoma sana, lakini kujua kipi kilitangulia najua.

Walipoondoka nikakusanya vyombo. Kijiko cha achari kilikuwa kimebaki kwenye kisahani, nikakilamba tu, kama mtu anavyolamba kijiko. Ulimi ukanywea. Ilikuwa chumvi. Siki ilikuwapo, ndiyo, lakini kwa nyuma kabisa, chumvi ndiyo iliyoshika usukani.

Nikampigia wifi. "Wifi, achari yako unaitengenezaje?"

Akafurahi kuulizwa. Matango unayalaza kwenye chumvi usiku kucha yatoe maji, wifi, chumvi ya kuyafunika, usiionee huruma. Kisha ndani ya siki unaongeza nyingine, yasioze. "Najua unachowaza," akasema. "Usiwe na wasiwasi. Siki inakata chumvi. Marehemu mama alituambia, kila mtu anajua. Ndiyo maana nikaijaza siki mpaka juu."

Maneno yalikuwa mdomoni kwangu, yamepangana. *Wifi, hii itamuua.* Matatu tu.

Nikasema, "Asante, wifi."

Nikaishika chupa juu ya sinki, sinki lilelile. Kutoka sebuleni nikamsikia anamsimulia jirani dirishani, kaanza upya tangu kwa mwokaji keki: kama ngozi inayowambwa. Wakacheka wawili.

Nikafunga kifuniko. Nikaifuta chupa kwa kitambaa, nikaipeleka mezani, nikaiweka kando ya kichupa chake kitupu.

Aprili 15

Nilisema leo nitamwambia. Kakaa kwenye kiti, kasema, "Achari iko wapi?" Ilikuwa mbele yake. Nikaisogeza karibu zaidi.

Aprili 16

Mvua. Achari.

Aprili 17

Mvua. Achari. Kasema kabichi yangu leo inaliwa, ukiisindikiza na achari.

Aprili 19

Wiki nzima hajakitikisa kichupa. Hakihitaji.

Ana tabia mpya. Akitia kijiko kwenye chupa ananitazama kwanza, mimi, usoni, ndipo anakipeleka kinywani. Mimi nami namtazama. Nadhani ananikomoa kwa sababu ni ya dada yake.

Aprili 22

Wifi kaleta chupa ya pili. Kubwa zaidi. "Mpaka ataniomba nihamie," kasema.

Aprili 25

Alama ya soksi haifutiki mguuni. Nimebonyeza kwa kidole juu ya kifundo, pakabaki shimo.

"Unafanya nini?"

"Nakukanda."

Aprili 28

Usingizi wangu umekuwa wa mapande. Leo nimesema. Sikusema lote. Nilisema, "Punguza achari."

"Kwa nini?"

Mvua ilikuwa inapiga bati, ningeweza kusingizia sikusikia. "Basi tu."

Akanitazama. Akangoja. Alingoja kweli, kijiko hewani, siki inadondoka kitambaani. Ningesema neno moja pale. Nikakumbuka sinia la vikombe mkononi mwangu na yule mwokaji keki anakohoa kwa kicheko.

"Una wivu," akasema, akala.

Mei 1

Kandambili. Viatu havimwingii tena.

Mei 3

Mvua imeingia hadi ukumbini. Nimepiga deki mara mbili. Anapumzika kati ya chumbani na chooni, mkono ukutani. Nimemuuliza kama twende hospitali. Kasema tuna tarehe, mwisho wa Mei, yeye si mtu wa kuvamia ofisi za watu.

Mchana kala achari.

Mei 4

Achari.

Mei 7, Jumanne

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali, nguo zimelowa.

Asubuhi niliamshwa na sauti ya mtu anayevuta hewa kwa mrija mwembamba. Alikuwa amekaa kitandani, ameshika godoro kwa mikono yote miwili, midomo imebadilika rangi. Uso umevimba, macho yamekuwa mistari. Hakuweza kusema. Nilimpigia binti yetu, fundi wa lifti, anakaa mji huuhuu upande wa viwandani. Akasema anakuja na gari la kazini.

Kabla hajafika nilifanya jambo moja. Nilikwenda jikoni nikamwaga achari, nikaosha chupa kwa sabuni, nikaisuuza, nikaipindua kwenye chano cha vyombo. Mume wangu anakosa pumzi chumbani, mimi naosha chupa. Kisha nikaenda kumshika mkono.

Wakampeleka ndani moja kwa moja. Daktari akatoka baada ya muda akasema maji yamejaa mapafuni, figo zimegoma, wanamuunganisha na mashine sasa hivi. Akauliza, "Amekuwa akila nini? Mwezi uliopita alikuwa vizuri kabisa."

Nikataja kuku. Nikataja kabichi, karoti zilizomwagwa maji. Kila nililotaja lilikuwa kweli.

Wifi alikuwa ameshafika, kitambaa cha kichwa kimekaa kinyume. Yeye ndiye aliyesema, tena kwa fahari kidogo, masikini, kama anayetaja dawa iliyosahaulika. "Na achari, daktari. Lakini ya siki."

"Ina chumvi?"

"Ipo. Lakini siki inakata chumvi."

Daktari alifumba macho kidogo. "Mama, siki haikati chumvi. Inaificha tu, ulimi usiisikie sana. Yote inaingia. Yote."

Wifi akakaa. Hapakuwa na kiti, akakaa sakafuni, miguu mbele kama mtoto. Binti yetu, ambaye amelelewa na mikono ya shangazi yake nusu ya utoto wake, akasimama juu yake na buti zake za kazi.

"Shangazi, umemuua baba."

"Mwanangu," nikasema, "hakujua. Mwache." Nikapiga magoti, nikamkumbatia wifi, naye akalilia shingoni kwangu na kuniomba msamaha. Mimi. Nikamwambia nimemsamehe. Muuguzi aliyekuwa anapita akasimama akaniambia, "Mama, una moyo."

Hapa kwenye benchi binti aliniuliza mara moja tu. "Na wewe mama hukuionja?"

"Mimi na achari wapi na wapi."

Mei 10

Yu hai. Figo ndizo hazipo tena. Mara tatu kwa wiki, mashine, mpaka mwisho wa maisha yake.

Mei 17

Binti hapokei simu za shangazi yake. Wifi kanitumia ujumbe: ametupa chupa zake zote. Sikujua nimjibu nini, nikamjibu Mungu yupo.

Mzee hajamuuliza dada yake kuhusu ile achari. Hata mara moja. Nimeliona hilo, nimeshindwa kulielewa.

Mei 22

Manyunyu. Mashine.

Mei 31, Ijumaa

Mvua zimekwisha. Ndiyo tarehe tuliyopewa na daktari, na hapa ndipo tulipo, ingawa si chumba kile.

Chumba cha mashine ni kirefu, viti vya kulalia vimepangwa kila upande, na kila mtu ana mirija yake mkononi. Hapana anayezungumza sana. Nilimletea kuku niliyemlaza kwenye siki tangu asubuhi, na vitunguu vya waridi. Siku hizi sikosei, moto ukizimwa ndipo naitia. Akatoa kichupa mfukoni kwa mkono ule usio na sindano, kitupu, akakitikisa mara tatu, akala. Katikati ya kutafuna akasema, kwa sauti ya kawaida, "Achari ya dada ilikuwa chumvi tupu."

"Ndivyo alivyosema daktari."

"Kabla ya daktari. Niliposogeza pua tu. Umri wangu wote nimeula jikoni, mama, tango lililolala kwenye chumvi nikaambiwe na daktari?"

Mashine ilikuwa inazunguka polepole, damu yake inakwenda na kurudi.

"Na wewe ulijua," akasema. "Siku ile ya wageni. Ulikaa jikoni muda mrefu, ukatoka na chupa umeifuta. Tangu lini wewe ukafuta chupa? Nikasema ngoja. Ngoja nione huyu mwanamke ataniacha nile mpaka lini."

"Ukaendelea kula."

"Ukaendelea kunisogezea."

Wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Sisi janga letu tulilichuma wawili, tukampa wifi alibebe peke yake. Nilimwambia hivyo. Nilimuuliza kama atamwambia dada yake.

"Wewe utamwambia?"

Nikatazama dirishani. Jua lilikuwa kali, watu huko nje wanaanika nguo. Yeye naye akatazama huko. Kwa hiyo hilo likaishia hapo, na najua limeishia hapo kwa siku zote.

Nilikuwa na swali moja tu lililobaki. "Ulikuwa na uwezo wa kuisukuma chupa kwa kidole, kama ulivyokuwa ukisukuma sahani zangu. Ulijua inakuua. Haya, mimi nilikuwa na hasira. Wewe kwa nini uliendelea?"

Akafikiri. Alifikiri kwa uso ule anaokuwa nao akionja kitu, kichwa kimeinama upande.

"Ilikuwa tamu," akasema.

Nikamfuta siki kidevuni, nikafunika bakuli, tukakaa tunangoja mashine imalize.